Kuingiza faili kwenye 486 isiyo na flopi: INTERLNK, XMODEM au Kermit?

Mwana_wa_Duka
Wakuu, habari za jioni. Marehemu baba aliacha 486, kompyuta ya zamani aliyokuwa akipigia hesabu za duka. DOS 6.22, mfumo wake wa uendeshaji, inawaka vizuri, ila draivu ya flopi imekufa na programu ya hesabu imefutika. Nakala ninayo kwenye laptopu ya Linux, na adapta ya USB ya siriali nimeshanunua. Nifuate njia ipi?

Fundi_Solda
Pole kwa msiba, mkuu. Anza na waya, ndiko wengi wanakopoteza siku nzima. Poti zote mbili zikiwa za pini 9, unataka waya uliovuka: 2 kwa 3, 3 kwa 2, 5 kwa 5. Lakini 486 nyingi zina poti moja ya pini 25, na hapo namba hugeuka: 2 kwa 2, 3 kwa 3, na 7 ya upande wa 25 inaenda kwa 5. Nimeona watu wakivusha mara mbili halafu wanalaumu adapta.

Mzee_COM1
Mwanangu, INTERLNK na INTERSVR, programu za kuunganisha mashine mbili kwa waya, zimo tayari ndani ya hiyo DOS yako. Diski ya mashine moja inaonekana kwenye nyingine kama herufi ya draivu tu, unanakili kwa COPY. Hakuna njia tamu kama hiyo.

Binti_Pangani
Shikamoo mzee. Tamu kweli, ila inataka DOS pande zote mbili, naye ana Linux. Mimi ningechukua Kermit, programu ya kutuma faili kwa waya wa siriali. Ilianzia Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 1981, kwa ajili hasa ya kuunganisha mashine zisizofanana. XMODEM, njia nyingine ya kutuma faili ya 1977, ni nyepesi, lakini inatuma vipande vya baiti 128, na kipande cha mwisho kisipojaa inakijazia. Faili inafika ikiwa ndefu kuliko ilivyotoka. Kermit inaleta ukubwa uleule. Usisahau tu `set file type binary`.

Mzee_COM1
Marahaba. Kwenye Linux hapo umenishinda, nakubali.

Mwana_wa_Duka
Sawa dada, lakini hiyo Kermit yenyewe itaingiaje bila flopi?

Binti_Pangani
Swali zuri, hapo ndipo penye kazi. COPY kutoka COM1 (poti ya siriali) haifai, maana inakatika ikikutana na baiti ya 1A, ambayo DOS huichukua kama mwisho wa faili. Tumia QBasic, lugha ya kuandikia programu, imo kwenye DOS yako. Andika kwa mkono programu fupi inayosoma mistari ya heksa (namba za msingi wa 16) kutoka COM1 na kuandika baiti kwenye faili. Kila baiti inakuwa herufi mbili, kwa hiyo muda unakuwa maradufu, lakini unafanya mara moja tu. Tuma polepole, mstari mmoja mmoja.

Fundi_Solda
Na ufungue MSD, programu ya DOS ya kukagua mashine, uone chipu ya poti. Ikiwa 8250, baki kwenye kasi ya biti 9600 kwa sekunde. Ikiwa 16550A, ina akiba ya baiti 16, unaweza kupanda.

Mwana_wa_Duka
Mrejesho: poti ilikuwa ya pini 25 kweli, nimeunga upya waya kwa solda. Heksa iligoma mara mbili, ya tatu Kermit ikaingia. Faili ya KB 360 imechukua kama dakika saba kwa 9600, na programu imefunguka. Daftari la baba la wadeni lilikuwa bado kwenye diski, limesomeka lote. MSD inasema 16550A, kesho najaribu 38400.