Utafiti wa sera za kupunguza madhara ya bidhaa kwa mazingira, nianzie wapi?

mwana_mbagala: Wakuu habari za jioni. Niko kwenye masters hapa Dar, nataka kuandikia sera zinazopunguza madhara ya bidhaa kwa mazingira, nimechagua katazo la mifuko ya plastiki la Juni 1, 2019 ila msimamizi wangu anasema nimekazania takataka tu, niifuate bidhaa toka kiwandani mpaka dampo. Kwa huku kwetu hiyo inafanyikaje?

Kombo77: Msimamizi yuko sahihi mkuu. Tafuta utafiti wa Wakala wa Mazingira wa Uingereza wa 2011, walipiga hesabu kuanzia malighafi, kiwanda, usafiri mpaka jalalani, wakakuta kwenye upande wa hewa ukaa mfuko wa karatasi lazima utumike mara 3, hii ya kitambaa cha plastiki kama mifuko mbadala yetu mara 11, wa pamba mara 131, ndio ulingane na rambo la plastiki lililotumika mara moja likatupwa. Sasa nenda Kariakoo uulize mtu mfuko wake unaenda sokoni mara ngapi kabla haujakatika mkono, hapo ndipo utafiti wako ulipo. Na beba mzani, kiwango chetu cha kitambaa cha mifuko mbadala ni gramu 70 kwa mita ya mraba, mingine ukiishika tu unaona kiganja chako upande wa pili.

mama_mboga_ilala: Mwanangu usisahau vifungashio, vile vya plastiki vyeupe visivyo na mikono. Serikali ilishakataza 2021 visitumike kubebea ila mteja akinunua nyanya za jero anataka nimfungie humo, na simlaumu maana mfuko mbadala nao ni hela.

Mzee wa Kreti: Mimi ningeweka na chupa za soda pembeni yake. Ya kioo kwa mangi huondoki nayo bila kuacha chupa nyingine au hela, inarudi kiwandani inaoshwa inajazwa tena, ya plastiki haina anayeidai mpaka apite muokotaji anayeuza kwa kilo, zilizobaki mvua inazisomba mpaka mto Msimbazi. Ujerumani chupa ya plastiki unailipia dhamana senti 25 za yuro, ukiirudisha unapewa hela yako, walianza 2003. Hapo mzigo wa takataka unamrudia aliyetengeneza na aliyeuza, halmashauri haibebi peke yake. Hiyo ndiyo sera ya kupigania.

mwana_mbagala: Asanteni sana wakuu, naanza na mifuko halafu chupa. Mama naomba nije nikae hapo kwenye meza yako nihesabu.

mama_mboga_ilala: Karibu mwanangu, wahi saa kumi na mbili asubuhi mzigo ukishuka, wateja wa jumla wanakuja na viroba vyao vya zamani, nao wahesabu.