Naomba ushauri: mchumba wangu mlokole hataki kuona skapulari yangu

Habari zenu wakuu. Mimi mkatoliki, mchumba wangu mlokole, tunapendana vizuri tu ila akiona skapulari yangu ya kahawia (vile vipande viwili vya kitambaa cha sufu vyenye kamba, tunavaa shingoni kama ishara ya ibada kwa Bikira Maria) ni vita. Jana kanitumia Kutoka 20:4 inayokataza sanamu, na Waefeso 2:8, eti wokovu ni kwa neema sio kitambaa cha sufu shingoni, na ile ahadi inayosemekana Bikira Maria alimpa mtawa Mkarmeli Simon Stock mwaka 1251, kwamba atakayekufa ameivaa hataona moto wa milele, kwake ni hirizi tu iliyobarikiwa na padri.

Nikamjibu Mungu huyohuyo aliagiza sanamu za makerubi za dhahabu, Kutoka 25, na nyoka wa shaba, Hesabu 21, akanirudishia 2 Wafalme 18:4, Hezekia alimvunja yule nyoka sababu watu walimfukizia uvumba. Hoja ina uzito jamani. Nikaleta leso za Paulo zilizoponya wagonjwa, Matendo 19, akasema kuponya sio kuokoa.

Ninachojua skapulari ni kisakramenti, yaani ishara takatifu iliyowekwa na Kanisa, haitoi neema kama sakramenti zenyewe, inamwandaa mtu kuipokea, Katekisimu namba 1670 iko wazi. Ila marehemu bibi yangu aliivaa kama kinga kabisa, sasa nikisema hakuna mkatoliki anayefikiri hivyo si nitakuwa nadanganya?

Mliooa au kuolewa na walokole, mlielewanaje hapa? Mahari tunapeleka Desemba, nimwambie mshenga aliongelee hili kabla au tulimalize wawili? Matusi ya dini sitaki.