Kwani watu wa zamani walikazana kupigapiga mabawa kwa nini?

mkazi_wandegeya
Wadau salama? Hapa Kampala kaloli, wale korongo wakubwa, si mnawajua, asubuhi wanachakura takataka na shingo zao mbaya zile, jua likishakuwa kali wanapanda wanazunguka weee juu kwa juu bila kupiga bawa hata mara moja. Sasa wazee wa zamani waliotaka kuruka si walikuwa na macho? Mbona kila mtu alikazana kujifunga mabawa mikononi na kupigapiga, hata Leonardo da Vinci na akili zake zote alichora mashine za mtu kupiga mabawa kwa mikono na miguu.

fundi_baiskeli
Si wote ssebo. Abbas ibn Firnas kule Cordoba karne ya 9 inasimuliwa alijivika manyoya akajirusha, akaelea kidogo, shida ikaja kwenye kutua, mgongo ukaumia, watu wakasema kasahau mkia. Karne ya 11 mtawa mmoja Muingereza, Eilmer wa Malmesbury, akajirusha toka mnarani akavunjika miguu na yeye akalaumu mkia huohuo! Mtazame kaloli akishuka utaelewa, miguu mbele, mkia umetanuliwa. Na hiyo ya kupigapiga Borelli wa Italia aliimaliza kwenye kitabu kilichotoka 1680, akaonyesha misuli ya mtu ni midogo mno kwa uzito wake ukilinganisha na kifua cha ndege.

nnyabo_wa_mpigi
Banange mnaenda mpaka Cordoba na Kibuuka mmemuacha hapa nyumbani? Masimulizi ya Baganda yanasema alitoka visiwa vya Ssese kumsaidia Kabaka Nakibinge kupigana na Banyoro, akawa anapaa anajificha winguni anawamiminia mishale. Kilichomponza ni mateka, mwanamke wa Kinyoro, akaijua siri akaipeleka kwao, wakalenga lile wingu, jamaa akaangukia mtini Mbale, hii ya Mawokota jamani siyo ya kule Elgon. Mabawa hayamo kabisa kwenye hadithi, waliwaza faida tu: adui yuko chini na wewe uko juu. Wafaransa walivyorusha watu kwa puto la hewa moto 1783 ilichukua miaka 11 tu puto likawa vitani, kwenye mapigano ya Fleurus 1794, la kuchungulia adui.

mkazi_wandegeya
Duh, Kibuuka nilimjua ila sikumuweka kwenye hesabu hii. Kwa hiyo nguvu za mtu haziwezi kabisa?

fundi_baiskeli
Zinaweza ukiacha kupiga. Cayley, Muingereza, 1799 ndo alitenganisha kazi, bawa litulie linyanyue, kusukuma kufanywe na kitu kingine. Mimi namuweka juu ya da Vinci, mnisamehe. Mwaka 1979 Bryan Allen akatoka Uingereza mpaka Ufaransa juu ya bahari kwa pedali, kamuulize boda wa baiskeli yeyote pale Busia kama angekataa, ila pedali zilizungusha propela, mabawa yenyewe yametulia tuli kama ya kaloli wako.