Tupeane uzoefu: hip hop ni utamaduni kweli, au ni muziki tu tunaoukuza?

Wakuu, salaam.

Jumapili tulikuwa Magomeni kwenye kikao cha harusi ya binamu yangu. Mwenyewe anataka ukumbini apande mtu wa kuchana, yaani kurap. Mjomba, ambaye ndiye mwenyekiti wa kamati, akasema hapana, tunataka kitu cha utamaduni. Nikaropoka: "Mjomba, hip hop nayo ni utamaduni." Akavua miwani, akanitazama. "Utamaduni? Chakula chake kipi?" Kamati nzima ikaangua kicheko, hadi mweka hazina ambaye huwa hacheki.

Naleta kwenu. Zile nguzo za DJ, MC (yule anayechana), breki dansi, grafiti na maarifa tunazijua, msinirudishe darasani. Nataka ulichokiona kwa macho yako: ilikulea, ilikuadabisha, au ilikupotezea muda?

Naanza. Nimekulia Temeke. Redio za watu binafsi ndiyo kwanza zimeingia, kabla ya hapo ilikuwa Radio Tanzania na basi. Kaka yangu alikuwa na redio kaseti iliyokatika mlango, ameufunga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Tunarekodi nyimbo hewani, tunamlaani mtangazaji anayeongea juu ya wimbo, halafu tunakaa na daftari: cheza, simamisha, rudisha nyuma, andika. Za Kimarekani tuliandika sauti tu, maneno yasiyo na maana katika lugha yoyote, na tuliyakariri kama juzuu. Siku moja tukamsikia 2 Proud anachana Kiswahili. (Huyo huyo aliyekuja kuwa Mr. II, kisha Sugu, kisha mbunge wa Mbeya Mjini mwaka 2010.) Wimbo ulipoisha kaka akazima redio, akasema, "Kumbe." Akaligeuza daftari, tukaanza kuandika ya kwetu kuanzia nyuma.

Haya, mwingine.

MDAU WA RANGI TATU

Mkuu, mimi iliniadabisha. Kijiwe chetu Mbagala kilikuwa nyuma ya saluni ya kiume, kila Jumamosi jioni. Biti ni jamaa mmoja anapiga benchi kwa viganja. Zamu yangu ilipofika nikashusha mistari minne ya msanii wa Mwanza, nikijua hapa hakuna anayeifahamu. Hakuna aliyenizomea. Waligeuka tu, mmoja mmoja, wakanipa mgongo, na wa benchi akaacha kupiga. Nilibaki naongea na migongo.

Wiki nzima sikulala. Jumamosi iliyofuata nikaja na minne yangu mwenyewe, kuhusu konda na chenji yangu ya shilingi hamsini. Mistari mibovu, hata leo naona aibu. Benchi likapigwa mpaka mwisho.

Hakuna aliyewahi kunitamkia sheria ile kwa mdomo. Mwambie mjomba chakula chetu ni kahawa na kashata.

KOTI LA FEBRUARI

Nitawaudhi, lakini mmeomba uzoefu. Utamaduni una unyago, una harusi, una msiba. Hip hop ina viingilio. Mimi niliamini kabisa kwamba naishi utamaduni, nikaenda mitumbani Karume nikanunua buti nzito na koti la baridi ya New York, nikalivaa Februari, Dar es Salaam. Kwenye daladala watu walikuwa wanasogea mbali nami. Faida niliyopata ni fangasi za miguu, tena zilikaa miezi. Huo nauita uigaji. Muziki naupenda mpaka kesho, sikatai.

BINTI WA MWALIMU, SINZA

Kaka wa koti, pole na fangasi. Ila kwenye uigaji ngoja kidogo. Bibi yangu ni wa Unguja, na ukimgusia taarab utadhani Mungu aliishusha pale Forodhani. Lakini taarab ilipata nguvu kwa Sultan Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, akapenda muziki wa Misri, akampeleka mtu wake Cairo kujifunza. Siti binti Saad alipokuja kuiimba kwa Kiswahili ndipo ikawa yetu. Leo nani anamuuliza bibi chakula chake kipi?

Changu mimi ni hiki. Marehemu baba alipofariki nilikuwa kidato cha pili, nikawa naandika michano kwenye kaunta buku naficha chini ya godoro. Mama akaifuma. Mama yangu alikuwa mwalimu wa Kiswahili. Nikajua leo nachapwa. Akasoma kimya, kisha akanyoosha vidole, akaanza kuhesabu:

Baba kaacha kandambili, mlangoni zimekaa

"Kipande cha kwanza una mizani tisa," akasema. "Nane nane, mwanangu. Weka ndara."

Baba ameacha ndara, mlangoni zimekaa

Akahesabu tena, ikatosha. Ndipo akalia. Hakuwa amelia tangu mazishi, au hakuwahi kulia mbele yangu. Kuanzia hapo akawa ananikagua kina cha kati na kina cha mwisho kila Ijumaa, ingawa biti yenyewe alikuwa anaiita kelele za karakana, na hajabadilika mpaka leo.

MPAKA RANGI

Mimi ni wa kuta. Kinondoni kulikuwa na ukuta umeandikwa USIKOJOE HAPA FAINI 50,000, na ndipo kila mtu alipokuwa anakojoa. Tukamwomba mwenye nyumba. Akagoma, anasema sisi wahuni. Mke wake ndiye aliyekubali. Tukachora bibi mmoja ameshika tama, anakutazama usoni, ukubwa wa ukuta mzima, chini tukaweka chata zetu ndogo, yaani saini. Wanaume wakawa wanafika pale, wanafungua zipu, wanamwona bibi, wanafunga. Mwenye nyumba alitununulia soda. Sijui kama ni utamaduni, ila harufu iliisha.

MWANAKAMATI

Mjomba mwenyekiti asichekelee mno, maana hip hop yenyewe ilianza kwa kuchangishana. Tarehe 11 Agosti 1973, Bronx, New York, namba 1520 Sedgwick Avenue. Cindy Campbell anataka hela ya nguo za shule, anakodi ukumbi wa chini ya jengo lao, wasichana senti 25, wavulana senti 50. Kaka yake, Kool Herc, mzaliwa wa Kingston kule Jamaika, ndiye aliyepiga sahani usiku ule. Kikao cha harusi kabisa hicho, kimekosa risiti tu.

WA TANDIKA

Nimesoma hapo juu kwamba hip hop haina msiba.

Tulizika mwenzetu mwaka mmoja, alikuwa DJ wetu wa mtaa. Msibani hatukufanya lolote, tulipanga viti, tulibeba maji, basi. Siku ya arobaini, kisomo kimeisha, watu wamekula pilau, sisi tumekaa nyuma ya nyumba karibu na masufuria. Mmoja akaanza kuchana kwa sauti ya chini. Hakuna biti wala makofi, kwa heshima ya mahali. Kila mtu minne. Minne ikiisha unamgusa wa kulia kwako bega. Mtu wa tatu alikwama katikati, na hakuna aliyemcheka. Tulingoja tu mpaka akamaliza.

Hatukujua kama mama wa marehemu amesimama mlangoni. Akasema, "Wewe wa pili, rudia ile ya spika." Jamaa alikuwa amesema marehemu aliuza kitanda akanunua spika, akawa analala juu yake. Mama akacheka, akasema kitanda chenyewe kilikuwa chake.

Kila mwaka tunarudi siku ile. Anatupikia yeye.

MLETA MADA

Nimerudi wakuu. Dada wa Sinza, samahani, nilimtumia mjomba ule mstari wako wa ndara bila kukuomba ruhusa. Hakujibu siku mbili. Jana usiku kanitumia sauti, nasikia kabisa anagonga meza kwa vidole, anahesabu. Kisha anasema: "Mwalimu yuko sahihi. Huo mshororo mmoja, ubeti uliobaki uko wapi?" Kimya kidogo. "Na wewe mchango wako bado."