Tupeane uzoefu: Ni nini kilikufungua darasani, au kilikufunga?

Baba wa Pasua:
Wakuu, habari za jioni. Kijana wangu alimaliza la saba akishika namba za juu, na jioni alikuwa ananimaliza kwa maswali. Kwa nini mwezi unatufuata tukitembea? Kwa nini chai ya rangi inapoa haraka kuliko uji? Tangu Januari yuko kidato cha kwanza, na nyumba imekuwa kimya. Daftari safi, mwandiko mzuri, ila nikimuuliza alichoandika maana yake nini, anatazama chini. Mama yake anasema ni ukubwa unaingia. Mimi naona kuna kitu kimefungwa. Mliopitia haya, au wanenu, naombeni uzoefu.

Chalii wa Ngarenaro:
Aisee umenigusa. Kwangu ilikuwa lugha. La saba nilijua usanisinuru mpaka usingizini. Sekondari mwalimu kaandika ubaoni "photosynthesis", muhula mzima nikadhani ni mada mpya. Siku nimeambiwa ni kilekile cha majani na jua, machozi yalinilenga.

Fundi Sakina:
Hilo la lugha ni kweli kabisa.

Mkongwe Kibosho:
Mnawadekeza. Sisi tulichapwa tukaelewa. Jedwali la kuzidisha lilinikaa kwa fimbo na mpaka leo halijatoka. Huyo kijana akionja mbili tatu atasema.

Mwalimu Ngaramtoni:
Shikamoo mzee wangu. Nafundisha hisabati mwaka wa 19 sasa, na mtoto anayeogopa fimbo anajifunza jambo moja tu, kutokuonekana. Hata kanuni za serikali hazimwachii kila mwalimu achape anavyotaka: viboko visizidi vinne, achape mkuu wa shule au aliyepewa ruhusa kwa maandishi, na viandikwe kitabuni. Wangapi wanaandika?

Mkongwe Kibosho:
Marahaba. Lakini mwalimu, darasa la watoto 90 utalitulizaje kwa maneno matupu?

Mwalimu Ngaramtoni:
Kutulia na kuelewa ni vitu viwili, mzee.

Binti wa Majengo:
Sikupanga kuandika, ila hilo la fimbo limeniamsha.

Mimi nilikuwa mrefu, kwa hiyo tangu darasa la tatu nilikalishwa dawati la nyuma, karibu na dirisha. Hesabu zilikuwa zinaandikwa ubaoni tunakili. Nilikuwa nakosa karibu zote, nachapwa, narudi kukaa. Kidato cha pili ikawa mbaya zaidi. Kuna siku mwalimu aliniita mbele na daftari langu, akaninyanyua kwa sikio, akasoma majibu yangu kwa sauti darasa zima likacheka. Akasema huyu hata kutoa hajui, aliletwa sekondari na nani? Nilichapwa mikononi mpaka kalamu nikashindwa kuishika siku ile.

Kidato cha tatu nikaenda bweni. Jumamosi tunafua, dada mmoja wa kitanda cha juu akaweka miwani yake kwenye ndoo yangu, nikaivaa kwa utani. Jamani. Mparachichi uliokuwa mbele ya bweni ulikuwa na majani. Moja moja! Siku zote nilijua mti ni kitu kimoja cha kijani. Nikageuka upande wa mlima Kilimanjaro, kilele cha Kibo kilikuwa wazi asubuhi ile, nikaona barafu ina mistari na mwamba mweusi katikati. Nimezaliwa Moshi, nina miaka 16, na nilikuwa naijua Kibo kama wingu jeupe lisilosogea. Nilikaa chini palepale kwenye maji ya sabuni nikalia, yule dada akadhani amenikosea.

Likizo mama alinipeleka hospitali, nikapimwa, nikapewa miwani. Nikachukua madaftari yangu ya zamani. Ubaoni ilikuwa 86, mimi nimeandika 36. Ubaoni 58, mimi 53. Nikazifanya upya zile hesabu kwa namba nilizoandika mimi. Majibu yangu yalikuwa sahihi. Karibu yote.

Fundi Sakina:
Pole sana dada yangu. Nimesoma mara mbili.

Mama Tengeru:
Mwili umenisisimka. Na yule mwalimu ulimwambia?

Binti wa Majengo:
Alishahama. Daftari ninalo hadi leo.

Chalii wa Ngarenaro:
Baba wa Pasua, mpime dogo macho kesho asubuhi. Mengine baadaye.

Mkongwe Kibosho:
Binti, pole mwanangu. Nina mdogo wangu aliacha shule darasa la tano. Alikuwa anakunja macho hivi akitazama ubao. Sisi nyumbani tulimwita mzito. Leo nimemkumbuka.

Mama Tengeru:
Tusisahau mada. Mimi kilichonifungua ni mbege ya bibi, ile pombe ya ndizi. Mwalimu wa bayolojia alitukaririsha kwamba hamira inakula sukari, inatoa alkoholi na gesi ya kaboni dioksidi. Nikakariri kama wimbo. Likizo niko Machame, bibi kaniita niweke sikio kwenye pipa la ndizi zilizopikwa, siku ya tatu, kabla hajatia ulezi. Chi chi chi chi. Povu linapanda, linapasuka, na hakuna moto chini. Nikasema kumbe ndiyo hii! Shule ilipofunguliwa nilinyoosha mkono kwa mara ya kwanza.

Fundi Sakina:
Kwa hiyo tuwapeleke watoto kilabuni? Natania mama. Ila ufundi umeme nilijifunza vivyo hivyo, kwa kushika.

Mwanafunzi wa Kijenge:
Mimi naandika kila kitu mara kumi. Inasaidia.

Mwalimu Ngaramtoni:
Mara kumi mkono ndio unaochoka, mwanangu. Funika daftari, uandike unachokumbuka, kisha fungua uone ulichokosa. Rudia kesho, rudia wiki ijayo. Kuna Mjerumani, Hermann Ebbinghaus, alijipima mwenyewe kwa silabi zisizo na maana na akachapisha matokeo mwaka 1885: tunasahau kwa kasi saa za mwanzo, halafu kasi inapungua. Ndiyo maana kukesha usiku wa mtihani hakumsaidii mtu mwezi unaofuata.

Chalii wa Ngarenaro:
Na karanga mbichi. Bibi yangu alisema zinaongeza akili.

Mama Tengeru:
Amfundishe mdogo wake wakati wanakata majani ya ng'ombe. Ukimfundisha mwenzio ndipo unajua usichokijua.

Mkata Kahawa:
Mleta mada, mwanao anauliza kwa nini chai inapoa haraka kuliko uji? Basi mwambie habari za Erasto Mpemba. Mwaka 1963 alikuwa kidato cha tatu kule Magamba, Lushoto, akaona maziwa ya moto aliyoweka kwenye friza yameganda kabla ya yaliyopoa. Mwalimu akamwambia umechanganyikiwa. Baadaye, yuko Iringa, akamuuliza Dakta Osborne aliyetoka chuo kikuu Dar es Salaam, wenzake wakacheka. Osborne akaenda kujaribu. Mwaka 1969 wakachapisha pamoja, Mpemba akiwa chuo cha wanyamapori Mweka, hapo juu tu ya Moshi. Wanafizikia wanabishana juu ya lile swali hadi leo.

Baba wa Pasua:
Asanteni wakuu, nawasoma wote. Binti, nimemwita sasa hivi asimame mlangoni asome kalenda ya ukutani. Kasoma mpaka maandishi madogo ya kiwanda yaliyo chini. Macho mazima. Nikamsomea habari za Mpemba, akacheka, akaketi karibu yangu. Nikamuuliza, darasani huulizi kwa nini? Kasema, "Baba, maswali ninayo. Yananijia kwa Kiswahili. Nikimaliza kuyageuza, mwalimu ameshafuta ubao." Na akisema Kiswahili anavishwa kibao cha mbao shingoni mpaka ampate mwingine wa kumvisha.

Binti wa Majengo:
Kibao bado kipo?

Mwalimu Ngaramtoni:
Kipo. Nenda shuleni ndugu yangu, ila usiende umewaka. Fika saa nne wakati wa chai, muombe mwalimu wa taaluma kijana aruhusiwe kuandika maswali yake kwa Kiswahili kwenye karatasi, mwalimu ajibu kwa Kiingereza. Kwangu nafanya hivyo. Karatasi za jana zilikuwa 31.

Mkongwe Kibosho:
Na mimi nitakuja na wewe, Pasua si mbali.