Naombeni ushauri: seli za sola zinapasuka nikilehemu utepe

Habari zenu wakuu. Niko Lamu, mtaa wa Langoni, naunda paneli ya kuchaji betri ya volti 12 ya mashua ya ami yangu. Seli ninazo 36, zile nyembamba za milimita 0.2 hivi. Zikifungwa mfululizo, kila moja nusu volti, 18 zapatikana.

Kazi imekwama kwenye kulehemu utepe wa shaba juu ya mistari ya fedha. Seli nyingine hulia tik, na ukiinyanyua kwenye mwanga waona ufa kama unywele, umeanzia pale pale utepe unapoishia. Nyingine haipasuki, ila ukivuta utepe kidogo tu, wabanduka na mstari wake.

Chuma changu cha kulehemia ni cha wati 60, hakina kidhibiti cha joto, na ncha yake imechongoka. Ncha ndiyo naishuku: joto halipiti upesi, mkono unakawia na kukandamiza. Fundi simu mmoja kaniambia nitafute ncha bapa, nipake flaksi (dawa ya kusaidia risasi ishike), nipitishe mara moja bila kugandamiza. Mwingine ataka seli nizipashe kwanza juu ya jiko la makaa. Huyo simwamini, moto wa makaa haulingani.

Je, kwa risasi ya kulehemia ya 60/40 (bati 60, risasi 40) nyuzi ngapi za joto zafaa? Ile yenye fedha asilimia 2 yazuia kweli mistari ya fedha isiliwe na risasi? Na flaksi niifute kwa spiriti kabla ya kufunika kioo? Chumvi ya huku haisazi kitu. Ami kashaanza kuulizia.