Kujenga pumzi kwa mashine ya kukimbilia: kitangulie kipi, kasi, muda au mwinuko?

Mkazi wa Mwanga
Habari zenu, wanamichezo. Ninaishi Mwanga, hapa Kigoma mjini, na ninajiandaa kwa kilomita 21 za Kilimanjaro Marathon. Kwa kuwa hutoka kazini giza likiwa limeshaingia, mazoezi yangu mengi huyafanyia jimu, juu ya mashine ya kukimbilia. Kila ninapoipanda huongeza kasi kidogo kuliko mara iliyotangulia, nikiamini kwamba mwili utazoea. Lakini sasa nimekwama, kwani nikiiweka kilomita 11 kwa saa pumzi hunikatika kabla ya dakika 20, na muundi wa mguu wa kulia umeanza kuuma. Naomba mwenye ujuzi anieleze ni kipi hasa kitangulie kuongezwa.

Kocha Mstaafu, Tabora
Pole kwa maumivu. Moyo na mapafu huzoea mzigo mapema kuliko mifupa na kano, na ndiyo sababu mtu anaweza kujiona ana nguvu huku muundi ukidai mapumziko. Ukiendelea kuuma hata unapotembea, au ukiugusa sehemu moja tu ndipo unapouma, acha kukimbia ukamwone daktari.

Ukipona, anza na muda. Shusha kasi hadi uweze kuzungumza sentensi nzima bila kuhema, hata kama ni kilomita 8 kwa saa, kisha urefushe mbio hizo taratibu kutoka dakika 30 hadi ukaribie saa nzima. Wengi huiona kasi hiyo kuwa ya aibu, hasa jirani wa mashine ya pili anapokimbia kama anafukuzwa, lakini hapo ndipo pumzi inapojengwa.

Msingi huo ukishakaa, siku moja kwa wiki iwe ngumu: kimbia kwa nguvu dakika 2, jongea polepole dakika 2, urudie mara sita. Ukiimaliza ile ya sita bila kuyumba, wiki zinazofuata fanya dakika 3 za nguvu, kisha 4, ila kasi usiiguse. Baadaye jaribu mbio za kupanda ngazi, ambapo unaanza kwa wepesi na kuongeza nusu kilomita kwa saa kila baada ya dakika 5, ili ugumu wenyewe uje mwishoni, miguu ikiwa imechoka. Kila wiki ya nne punguza mzigo. Kwa hesabu yako, kilomita 10 kwa saa ni dakika 6 kwa kila kilomita, yaani nusu marathoni ya takribani saa 2 na dakika 6. Hiyo 11 huihitaji sasa.

Mama Mbio
Nakubaliana na kocha, isipokuwa mwinuko ameuruka. Ule mwinuko wa asilimia 1 unaoshauriwa sana hufidia upepo ambao mashine haina, na kwa kasi ndogo tofauti yake ni ndogo mno. Kwa vilima vya Moshi, zinakofanyika mbio zako, weka asilimia 4 hadi 6 kwa dakika moja au mbili, kasi ikiwa imeshushwa. Mashine nyingi hazifundishi kuteremka, na mteremko ndio unaochosha mapaja. Kwa hiyo Jumapili toka nje, kwa maana Kigoma haina uhaba wa miteremko.

Mkazi wa Mwanga
Nawashukuru sana. Je, mwinuko ukizidi naruhusiwa kushika vyuma vya pembeni?

Kocha Mstaafu, Tabora
Hapana, labda unapopanda, unaposhuka au ukikaribia kuanguka. Ukivishika, mikono hubeba sehemu ya uzito, na mwinuko unaousoma kwenye kioo unakuwa si ule miguu inaoupanda, afadhali uupunguze. Ile kamba ya usalama nayo ibane kwenye fulana, kwa sababu ukiteleza ndiyo itakayousimamisha mkanda kabla haujakuburuta.